Shawa ya umeme ya wati 5,500 kwenye maji ya Julai

Ukifunga shawa ya umeme ya wati 5,500 Dar es Salaam utapata maji ya kuchoma ngozi. Ichukue hiyohiyo uifunge Njombe, uoge saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, na unaweza kutoka bafuni ukitetemeka. Chombo hakijaharibika na muuzaji hajakudanganya. Maji yanayoingia ndiyo yaliyobadilika, na kwenye boksi hakuna mahali palipoandikwa maji hayo yawe na joto gani.

Tunazungumzia zile shawa za kichwa cha plastiki chenye koili ndani, zilizoandikwa 220V 5500W, zenye swichi ya hatua tatu: baridi, vuguvugu na moto. Zinazofahamika zaidi madukani ni za Lorenzetti, kampuni ya São Paulo, Brazil, na kuna nyingine nyingi zilizoundwa kwa mtindo huo. Swali letu ni moja: kwa nyumba ya Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya, Lushoto au Arusha, je, zinatosha kipindi cha kipupwe, Juni hadi Agosti?

Zinatosha, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja. Maji yasitoke zaidi ya lita 3 kwa dakika, umeme usishuke sana chini ya volti 220, na waya wa kuipelekea shawa umeme uwe wa shaba wa milimita 6 za mraba. Kama kuna hata sharti moja ambalo nyumba yako haiwezi kulitimiza, soma mpaka mwisho kabla ya kwenda dukani.

Joto linapotoka

Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.19, uwe Tanga au Kitulo. Kutokana na namba hiyo inapatikana kanuni fupi ambayo kila mnunuzi anapaswa kuwa nayo: chukua kilowati za shawa, zidisha kwa 14.3, kisha gawanya kwa lita zinazotoka kwa dakika. Jibu ni nyuzi ambazo maji yatapanda yakipita ndani ya shawa.

Kwa shawa ya kilowati 5.5, maji yakitoka lita 3 kwa dakika yanapanda nyuzi 26. Yakitoka lita 4 yanapanda chini kidogo ya nyuzi 20. Yakitoka lita 5 yanapanda nyuzi 16 tu. Sasa weka maji yanayoingia. Ya nyuzi 28, kama ya pwani, kwa lita 5 yanatoka na nyuzi 44, mtu anarudisha swichi kwenye vuguvugu. Ya nyuzi 12, kama ya simtanki la nyanda za juu alfajiri ya Julai, kwa lita hizohizo 5 yanatoka na nyuzi 28. Mwili wa mtu una nyuzi 37, na watu wengi huoga kwa raha kati ya 38 na 41. Nyuzi 28 kwenye bafu lenye baridi ni mateso, hasa kwa mzee au mtoto.

Punguza koki mpaka lita 3 na maji hayohayo ya nyuzi 12 yanafika 38. Hapo mtu anaoga. Si mvua kubwa ya hoteli, ni mtiririko mwembamba, lakini una joto.

Kabla ya kununua, pima vitu viwili. Cha kwanza ni kasi ya maji: weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la bafuni, fungua kama unavyofungua ukioga, tumia saa ya simu. Ikijaa kwa dakika 2 una lita 5 kwa dakika. Ikijaa kwa dakika 3 na sekunde 20 una lita 3. Cha pili ni joto la maji, na upime alfajiri, saa ambayo watu wanaoga kwenda kazini na shuleni. Tumia kipimajoto cha jikoni. Kile cha homa hakifai, kwa sababu huanza kusoma kwenye nyuzi 32 au 35. Kama huna kipimajoto, angalia chupa ya mafuta ya nazi: yakiganda, chumba kiko chini ya nyuzi 24 hivi, na maji ya simtanki lililolala nje hayawezi kuwa na joto zaidi ya hapo asubuhi.

Mahali maji yanapolala usiku ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Bomba lililofukiwa nusu mita ardhini hubadilika joto polepole, kwa sababu udongo unatunza joto la miezi iliyopita. Simtanki jeusi juu ya mnara wa vyuma linapoteza joto kwa anga usiku kucha, hivyo maji yake ni ya baridi kuliko yote saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi. Mchana jua linalirudishia. Kila nyuzi ambayo jua limeitia kwenye tanki ni nyuzi ambayo koili haitalazimika kuileta. Anayeweza kuchagua saa ya kuoga achague saa kumi hadi kumi na mbili jioni: maji yamekwisha kupata jua, na umeme wa mtaa bado haujaelemewa. Hili la pili lina uzito wake peke yake.

Volti

Koili ya shawa haitoi wati 5,500 wakati wote. Inatoa wati hizo ikipata volti 220 kamili. Ikipata 230, ambayo ndiyo volti rasmi ya Tanzania, inatoa karibu 6,000. Ikishuka hadi 190, kama inavyotokea kwenye mitaa iliyo mbali na transfoma kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, inatoa 4,100 tu. Volti zimepungua kwa asilimia 14 lakini joto limepungua kwa robo, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Kwa lita 3 kwa dakika, badala ya kupanda nyuzi 26, maji yanapanda chini ya 20. Yale ya nyuzi 12 yanaishia 31 au 32.

Malalamiko mengi ya "shawa imechoka" chanzo chake ni hapa. Mwite fundi apime volti kwenye swichi ya shawa wakati shawa inafanya kazi, si wakati imezimwa. Zikionekana 225 ikiwa imezimwa na 195 ikiwa imewashwa, tatizo liko kwenye waya au viungo vyake, ama ndani ya nyumba yako ama kutoka nguzoni. Kubadilisha shawa hakutasaidia.

Waya na usalama

Hapa hatutapita haraka, kwa sababu chombo hiki kinachanganya umeme na mtu aliyelowa, asiye na viatu, aliyesimama juu ya sakafu yenye maji.

Shawa ya wati 5,500 inavuta ampea 25 hadi 26. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13. Kwa hiyo shawa haichomekwi kwenye soketi, haiunganishwi na waya wa soketi, na haichukui umeme kutoka kwenye taa ya bafuni. Inatakiwa iwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha breka: breka ya ampea 32, waya wa shaba wa milimita 6, na swichi ya kukata nyaya zote mbili kwa pamoja, ya ampea 32 au 45, iliyofungwa nje ya bafu. Mafundi wanaiita dabo-poli. Swichi ya taa ya ampea 10 itayeyuka.

Baadhi ya mafundi watakuambia waya wa 2.5 unatosha kwa kuwa "si mbali". Fanya hesabu naye. Kwa umbali wa mita 20, waya wa 2.5 unapoteza zaidi ya volti 7 na unageuza takriban wati 185 kuwa joto ndani ya ukuta. Waya wa 6 kwa umbali huohuo unapoteza volti 3. Wati hizo 185 ndizo zinazokausha plastiki ya waya mpaka inapasuka. Hazionekani mwaka wa kwanza. Na kipindi cha baridi ndicho kinachoua waya mwembamba, kwa sababu watu wanaoga wakiwa wamefungulia hatua ya moto, kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, bila waya kupata nafasi ya kupoa.

Sehemu ya kwanza kuungua huwa pale waya wa ukutani unapokutana na waya za shawa. Kusokota na kuzungushia tepu hakufai. Tumia kiunganishi cha kauri chenye skrubu, zikazwe barabara, na baada ya wiki moja ya matumizi zima breka kisha uzikaze tena. Waya ukiwa umebadilika rangi au plastiki yake imekuwa ngumu, kata kipande hicho na uunganishe upya kwenye shaba safi.

Waya wa kijani na njano, ule wa erthi, si pambo. Katika shawa nyingi za aina hii koili iko uchi ndani ya maji, hivyo kuna umeme mdogo unaovuja kwenye maji kila wakati. Erthi ndiyo inayoupeleka ardhini kabla haujapita kwenye mwili. Ukigusa koki ya chuma unapooga ukahisi mtekenyo wa umeme, toka, zima breka, na usiitumie tena mpaka erthi ikaguliwe kuanzia kwenye shawa mpaka kwenye nondo iliyozikwa nje. Watu huzoea mtekenyo huo na kuvaa kandambili. Kandambili hazimlindi mtu yeyote.

Pamoja na erthi weka kifaa cha kukata umeme unapovuja, kilichoandikwa RCCB au RCD, cha miliampea 30. Hapa kuna ukweli ambao wauzaji hawausemi: kwenye maji yenye madini mengi, shawa ya koili iliyo uchi inaweza kukiangusha kifaa hicho mara kwa mara, na fundi asiyejali atakitoa ili "tatizo liishe". Dawa ni kununua shawa ambayo koili yake imefunikwa ndani ya mrija wa chuma. Kifaa kibaki.

Maji ya chumvi

Watengenezaji wa Brazil huelekeza kwamba shawa ya koili iliyo uchi isitumike kwenye maji yenye ukinzani wa chini ya omu-sentimita 1,300. Kwa lugha ya maabara ya maji, hiyo ni sawa na upitishaji wa takriban mikrosimensi 770 kwa sentimita. Maji ya chemchemi za milimani kwa kawaida yako mbali na mpaka huo. Maji ya visima virefu katika maeneo yanayojulikana kwa chumvi, kama Dodoma na Singida, yanaweza kuuvuka kwa urahisi. Mamlaka ya maji ya mji wako inaweza kukupimia sampuli, na kipimo chenyewe ni cha dakika chache.

Shawa yenye koili iliyofunikwa huuzwa kama shawa ya maji ya chumvi. Ni ghali zaidi, na inachelewa sekunde kadhaa kupata moto kwa sababu joto linapita kwanza kwenye chuma. Kwa maji ya kisima hatuoni sababu ya kununua nyingine. Hata kwa maji matamu, mwenye watoto wadogo tungemshauri aichukue hiyo.

Kufunga, na yanayoharibika

Shawa inaingia kwenye bomba la nusu inchi. Ukutani pawe na elbo yenye uzi wa shaba, si plastiki tupu, kwa sababu uzito wa shawa na joto vinalegeza uzi wa plastiki. Zungusha tredi tepu mara 10 hadi 15, kaza kwa mkono, usitumie spana kwenye shingo ya plastiki.

Halafu lile kosa linaloua shawa nyingi siku ya kwanza: kuwasha umeme kabla maji hayajajaa ndani. Weka swichi ya shawa kwenye baridi, breka ikiwa imezimwa, acha maji yatoke dakika moja nzima, ndipo uwashe breka. Koili iliyo uchi ikipata umeme bila maji inakatika kwa sekunde chache, na hakuna dhamana inayolipia kosa hilo. Fanya hivyo pia kila mara maji ya mtaa yanaporudi baada ya kukatika siku mbili tatu. Bomba huwa na hewa, na hewa ikisukumwa kwa nguvu inaweza kuinua kiwambo na kuwasha koili bila maji ya kutosha.

Kiwambo hicho ni kipande cha mpira ndani ya kichwa. Maji yakisukuma, kinapanda na kugusisha ncha za umeme. Kwa kawaida kinahitaji msukumo wa maji yaliyo angalau mita moja juu ya shawa. Kama simtanki lako liko juu ya dari tu, pima kutoka chini ya tanki mpaka kichwa cha shawa. Ukipata sentimita 60, shawa haitawaka au itawaka na kuzima. Inua tanki, au nunua ile yenye pampu ndogo ndani yake. Ukiwa na tatizo la kinyume, tanki liko juu ya mnara wa mita 8 au zaidi na maji yana nguvu, tafuta kwenye boksi kipande kidogo cha plastiki cha kupunguza kasi kinachowekwa kwenye mdomo wa shawa. Wengi wanakitupa pamoja na makaratasi. Kwa mtu wa Makete ndicho chenye thamani kubwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya boksi, kwa kuwa kinashikilia lita 3 bila wewe kuhangaika na koki kila siku.

Matundu ya kichwa yanaziba kwa chokaa na mchanga. Yakiziba nusu, maji yanapungua na joto linapanda ghafla. Yakiziba zaidi, kiwambo hakipandi na shawa haiwaki kabisa. Kila baada ya miezi miwili zima breka, fungua sahani ya matundu, iloweke kwenye siki au maji ya ndimu kwa saa kadhaa, isugue kwa mswaki wa zamani. Swichi ya hatua tatu uigeuze maji yakiwa yamefungwa. Ukiigeuza maji yakitoka, cheche zinakula ncha zake, na ndiyo maana shawa nyingi hubaki na hatua moja tu inayofanya kazi.

Koili yenyewe hukatika, ni sehemu ya kubadilishwa kama balbu. Hakikisha duka linauza koili za shawa unayonunua, zenye volti na wati zilezile. Shawa ambayo koili yake haipatikani mjini kwenu ni ya kutupa baada ya msimu mmoja, hata kama bei yake ni nusu.

Uniti za LUKU

Mtu mmoja akioga dakika 8 kwa hatua ya moto anatumia uniti 0.73 na lita 24 za maji. Nyumba ya watu 5, kila mmoja mara moja kwa siku, inafika uniti 110 kwa mwezi kwa shawa pekee. Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti pamoja na tozo, hiyo ni zaidi ya shilingi 39,000. Nyumba iliyokuwa kwenye bei nafuu ya wanaotumia chini ya uniti 75 inaweza kutoka kwenye kundi hilo, na ikitoka kila uniti, hata ya taa na redio, itapanda bei. Lihesabu hilo kabla, maana linawashtua watu kuliko bei ya shawa.

Kuoga dakika 5 badala ya 8 kunapunguza uniti hizo hadi 69. Kurudisha swichi kwenye vuguvugu alasiri, jua likiwa limepasha tanki, kunapunguza zaidi.

Ukilinganisha na njia nyingine

Ndoo. Watu wanaidharau bila sababu. Maji ya kuchemka Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yana nyuzi 93 hivi, si 100. Ili kupata ndoo ya lita 20 yenye nyuzi 40 kutoka kwenye maji ya nyuzi 12, unahitaji lita 7 za maji yaliyochemka. Msimu wa joto, maji yakiwa na nyuzi 22, lita 5 zinatosha. Hiyo ndiyo maana ya sufuria ileile kutotosha ifikapo Julai. Umeme unaoingia kwenye ndoo hiyo ni uniti 0.65, karibu sawa na kuoga kwa shawa dakika 7. Kwa hiyo shawa haipotezi umeme kuliko birika. Inachokupa ni urahisi, na inakuondolea hatari ya kubeba maji ya moto gizani. Koili ya kutumbukiza ndani ya ndoo hatuipendekezi kwa nyumba yoyote: mtu anajaribu joto kwa kidole kabla hajachomoa, na huo ndio mwisho wake.

Hita ya tanki ya lita 50 inavuta wati 1,500 tu, hivyo inakubali waya wa kawaida na umeme dhaifu, na maji yanatoka kwa wingi. Lakini baridi inaipunja pia. Kupandisha lita 50 kutoka nyuzi 12 hadi 60 kunachukua karibu saa 1 na dakika 52. Kutoka nyuzi 25, saa 1 na dakika 21. Ukishachanganya mpaka nyuzi 40, tanki hilo linakupa lita 86 za kuogea kipindi cha baridi, na lita 117 kipindi cha joto. Watu watatu wanaoga vizuri, wa nne anamalizia ya baridi. Kwa nyumba yenye volti 190 kila jioni, chagua hii.

Hita ya gesi ya lita 6 kwa dakika ina nguvu ya kutosha hata kwa maji ya Kitulo. Kuoga mara moja kunatumia takriban gramu 70 za gesi, hivyo mtungi wa kilo 15 unaogesha mara 200 hivi. Sharti lake halina mjadala: ifungwe ukuta wa nje, kamwe isiwe ndani ya bafu. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa bado anaoga.

Jua ni zuri kwa Mbeya na Iringa, ambako kipupwe huwa na anga safi mchana. Gharama ya mwanzo ni kubwa, na hilo ni somo lake peke yake.

Kufua, vyombo na mtoto

Wengi wananunua shawa kwa ajili ya kuoga na kusahau kwamba ni bomba la maji ya moto. Ndoo ya lita 20 yenye nyuzi 38 hadi 40 inajaa kwa dakika 7 na inakula uniti 0.6, kama shilingi 220.

Huna haja ya ndoo nzima kila ukifua. Sabuni ya unga kwenye maji ya nyuzi 12 inabaki na punje zinazong'ang'ania kwenye nguo na kuacha alama nyeupe. Iyeyushe kwanza kwenye lita 3 za maji ya shawa, koroga mpaka punje ziishe, kisha ongeza lita 17 za baridi na uloweke kwa muda mara mbili ya ule wa Januari, kwa sababu vimeng'enya vya sabuni hufanya kazi polepole kwenye baridi. Madoa ya damu, maziwa na mayai ni kinyume chake: yaanze na maji ya baridi ya bomba, kwani joto linayagandisha kwenye uzi. Suuza kwa baridi tu.

Vyombo vya mafuta vinataka joto kweli. Mafuta ya ng'ombe huyeyuka kuanzia nyuzi 40 na kitu, mawese karibu 35. Chini ya hapo unayasambaza tu, na yale yanayokwenda kwenye sinki yanaganda ndani ya bomba la maji machafu. Kwa sufuria ya supu, maji ya shawa hayatoshi, chemsha.

Mtoto mchanga asiogeshwe chini ya shawa hii. Mtu akifungua bomba la jikoni, maji ya bafuni yanashuka kutoka lita 3 hadi 2, na hapohapo kupanda kwa joto kunatoka nyuzi 26 hadi 39. Maji yaliyokuwa na 38 yanakuwa 51, yanaunguza. Jaza beseni, funga maji, zima swichi ya nje, koroga, jaribu kwa kiwiko, lengo ni nyuzi 37, ndipo umweke mtoto.

Nani anunue

Nyumba yenye maji matamu, tanki lililo mita 2 au zaidi juu ya shawa, volti zisizoshuka chini ya 210, na mwenye nyumba aliye tayari kulipia waya wa milimita 6, erthi na RCCB: inunue, wati 5,500, weka kipunguza kasi, na kwa masharti hayo tunaipa 8 kati ya 10. Bila kipunguza kasi, kwenye maji ya nyuzi 12, inashuka hadi 5.

Anayetaka lita 4 kwa dakika kwenye baridi hiyo anahitaji wati 7,500. Hizo zinavuta ampea 34 hadi 36, maana yake breka ya 40 na waya wa milimita 10, na muulize fundi kwanza kama umeme unaoingia nyumbani kwako unaweza kubeba hiyo pamoja na pasi na jiko. Zile za wati 3,500 zinazouzwa kwa bei ya kuvutia zinapandisha lita 3 kwa nyuzi 17 tu. Ni shawa za Morogoro na Tanga. Kwa nyanda za juu mwezi Julai, ziache dukani.

Mpangaji asiyeruhusiwa kupitisha waya mpya ukutani asinunue yoyote kati ya hizi. Birika la wati 2,000 kwenye soketi, ndoo yenye mfuniko na kopo vitamfikisha Septemba salama.